Kabla ya Mnada Kuna Ua

Mwezi Julai Kilimarondo, wilayani Nachingwea, haina mvua. Nyasi zimekauka, mahindi yameshavunwa, na alfajiri watu huota moto kabla ya kwenda shamba. Ni katika ukavu huo ndipo mkorosho unapochanua. Asili ya mti huu ni kaskazini-mashariki mwa Brazili. Wareno waliuleta katika pwani ya Afrika Mashariki karne ya 16, na leo, kuanzia Nachingwea hadi Ruangwa na Liwale, ndio unaoezeka nyumba kwa mabati na kulipa ada za watoto. Mashine za kupulizia salfa huanza kunguruma jua likiwa bado chini, na vumbi la njano hupanda kati ya matawi. Oktoba ikifika, chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kinachounganisha wilaya hizo tatu, huingia kwenye minada, na kuanzia hapo kila kijiwe na kila simu ni habari ya bei.

Bei inastahili kuzungumzwa. Lakini kilo zinazofika kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) zilikwisha kuamuliwa miezi kadhaa nyuma, ndani ya maua madogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kusini tumezoea kuujadili mmea tukianzia kwenye gunia, na tukirudi nyuma sana tunaishia kwenye pembejeo. Hatufiki kwenye ua. Na ua ndilo linaloamua mavuno yatakuwa kiasi gani, mbegu itafanana na mama yake au la, na hata kama mkulima ataweza kujitunzia mbegu mwenyewe au atalazimika kurudi dukani kila msimu. Hoja ya makala hii ni hiyo: nusu ya matatizo tunayoyaita ya kilimo au ya soko ni matatizo ya uzazi wa mimea, na yanaeleweka vizuri zaidi yakianzia hapo.

Mimea yote ya maua ina utaratibu mmoja wa msingi. Chavua, ule unga wa kiume, hutoka kwenye ncha za stameni. Ovari ni kifuko kilichoko kwenye kitako cha ua, na ndani yake mna ovuli. Juu ya ovari kuna stigma, sehemu yenye unatonato inayopokea chavua. Chavua ya jamii yake ikitua hapo wakati stigma iko tayari, hutoa mrija mwembamba unaoshuka hadi kwenye ovuli ukiwa na seli mbili za kiume. Mwaka 1898 mtaalamu wa mimea Sergei Navashin, aliyefanya kazi Kiev, alionyesha kuwa seli zote mbili zina kazi. Moja huungana na yai, na hapo hupatikana kiinitete, yaani mmea mchanga. Ya pili huungana na viini vingine viwili vilivyomo ndani ya ovuli, na kutokana na muungano huo huanza kujengwa chakula cha akiba kinachoitwa endospemu.

Ugunduzi huo una maana kubwa kwa mkulima kuliko unavyosikika. Mmea wa maua hauweki akiba kwa mtoto ambaye hajatungwa. Ugali wetu ni akiba hiyo hasa: sehemu kubwa ya unga wa sembe ni endospemu ya hindi. Karanga, mbaazi na korosho zimekwenda hatua moja zaidi, kwa kuwa kiinitete chao hula endospemu kikiwa bado ndani ya tunda na kuhamishia chakula kwenye kotiledoni, yale mapande mawili yanayoachana ukiipasua karanga. Popote akiba ilipowekwa, utungisho ndio uliotoa ruhusa. Ndiyo sababu punje ya hindi iliyokosa chavua huwa pengo kwenye gunzi, wala si punje ndogo. Kila uzi wa ndevu za hindi unakwenda kwenye ovuli moja, na uzi usiopata chavua hauna punje. Mikoa ya kusini ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katikati yake mara nyingi mvua hukatika kwa siku nyingi kati ya Januari na Februari. Ukame huo ukiyakuta mahindi yanatoa mbelewele, ndevu huchelewa, chavua humwagika na kwisha kabla hazijatokeza. Mvua ya Machi inaweza kuufanya mmea upendeze machoni, lakini haiwezi kuziba mapengo hayo.

Baada ya utungisho, ovuli huwa mbegu na ovari huwa tunda. Kwa kipimo hicho ganda la karanga ni tunda, kidonge cha ufuta kinachopasuka ni tunda, na punje ya hindi ni tunda zima ambalo ngozi yake imegandana na ngozi ya mbegu.

Na korosho? Mtoto akipewa bibo jekundu hujua amepewa tunda, na ile korosho inayoning'inia chini yake ni nyongeza. Kibotania mambo yamegeuka. Korosho pamoja na ganda lake ndiyo tunda la kweli, lililotokana na ovari. Bibo ni shina la ua lililovimba. Anayetembelea mti uleule kila wiki huona mpangilio huo kwa macho yake. Kwanza hutokea korosho ya kijani, ikakua hadi ukubwa wake kamili, huku shina linaloishika likiwa bado jembamba. Kisha korosho huacha kukua, hugumu na kugeuka kijivu, na katika wiki za mwisho tu ndipo bibo hujaa maji kwa kasi. Tangu utungisho hadi kuanguka ni miezi miwili hivi. Mti umetanguliza mtoto, halafu ndipo ukaandaa malipo ya mchukuzi. Popo, nyani na ndege hupenda bibo, na sisi tunalikamua kupata uraka. Lakini ganda la korosho limejaa mafuta yanayounguza ngozi, na vidole vya akina mama wanaobangua kwa mikono vinayajua vizuri. Mnyama hula bibo na kuitupa korosho mbali na mti mama, ikiwa salama.

Sasa turudi kwenye shada la Julai, maana hapo ndipo penye uzito. Shada moja la mkorosho hubeba mamia ya maua. Mengi ni ya kiume tu. Machache yana jinsia zote mbili, na hayo machache ndiyo pekee yanayoweza kuzaa. Hata kati yake mengi hupukutika. Shada lililokuwa limefurika maua huishia na korosho chache, na mkulima mgeni anaweza kudhani ni ugonjwa, kumbe ndivyo mti ulivyoumbwa. Chavua yake inanata, upepo hauwezi kuifikisha mbali, hivyo kazi hufanywa na nyuki, nzi na wadudu wengine wanaofuata nekta. Kwa kuwa nafasi za kuzaa ni chache tangu mwanzo, hasara ndogo ndani ya shada huwa hasara kubwa ghalani.

Hapo ndipo ubwiriunga ulipotuumiza. Ni kuvu anayeonekana kama unga mweupe, na hushambulia sehemu changa: majani machanga, vikonyo vya shada, maua yenyewe. Maua yaliyoshikwa hukauka kabla hayajafunguka, na ua lisilofunguka halipokei chavua. Ugonjwa huo uliripotiwa nchini mwaka 1979. Tanzania iliyokuwa imevuna karibu tani 145,000 msimu wa 1973/74 ilishuka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Si haki kuubebesha ubwiriunga lawama yote. Anguko lilianza kabla yake, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao na bei ikawa haimpi mtu sababu ya kurudi porini kupalilia. Mikorosho iliyoachwa ikafungana matawi, hewa ikakosa kupita, na kuvu akakuta makazi mazuri. Kupanda tena hadi kupita tani 300,000 msimu wa 2017/18 kulitokana na mambo mengi pia, lakini hakuna hata moja lingefaa kitu kama maua yangeendelea kufa.

Salfa ni kinga. Kazi yake ni kulifunika ua kabla kuvu hajaota juu yake, na ua lililokwisha kukauka haliwezi kufufuliwa hata kwa mifuko mingi kiasi gani. Kwa hiyo tarehe ya salfa kufika kijijini ina uzito sawa na wingi wake, na mimi nasema ina uzito zaidi. Mfuko unaofika wakati mashada ya kwanza yameshageuka meusi utaokoa ya mwisho tu, nayo si mengi. Kila mwaka takwimu za usambazaji hutolewa kwa tani. Ningependa zitolewe kwa tarehe pia, zikilinganishwa na siku mikorosho ya kata husika ilipoanza kutoa vichomozi vya maua, kwa kuwa hiyo ndiyo kalenda ambayo kuvu anaifuata. Na kuna jambo la maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona viota vya majani. Wapandaji wa miti huwachukia kwa kuwa wanang'ata, lakini huwinda mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza vichipukizi na korosho changa. Anayemwaga sumu bila kuangalia huua mlinzi pamoja na mwizi, na wachavushaji nao hufa pamoja nao.

Kwa kuwa mkorosho huchavushwa na wadudu wanaoruka kutoka mti hadi mti, korosho uliyookota chini ya mti bora haina mzazi mmoja. Mama unamjua, baba hujui. Ukiipanda unaweza kupata mti mzuri au mti wa kukata kuni, na itakuchukua miaka kadhaa kujua. Ndiyo maana Kituo cha Utafiti cha TARI Naliendele, Mtwara, kimetumia miaka mingi kuchagua mikorosho mama na kufundisha kubebesha: kuchukua kikonyo cha mti unaojulikana na kukiunganisha na mche ulioota kwa mbegu ya kawaida. Kubebesha ni kuliruka ua. Mti unaopatikana ni uleule wa zamani, umeendelezwa kwenye mizizi mipya. Faida yake iko wazi. Hatari yake haisemwi vya kutosha: shamba lenye mikorosho ya aina moja tu iliyobebeshwa ni shamba la mti mmoja uliorudiwa mara elfu, na ugonjwa utakaouweza mmoja utaiweza yote. Kuchanganya aina kadhaa katika shamba moja ndiyo busara.

Karanga ina tabia tofauti kabisa. Ua lake la njano hufunguka alfajiri na hufika mchana limeshanyauka. Chavua imetua kwenye stigma ya ua lilelile, ndani ya petali zilizofumba, mara nyingi kabla halijafunguka. Nyuki akija asubuhi amekuta ndoa imeshafungwa. Baada ya siku chache, kitako cha ua lililonyauka huanza kurefuka kikawa kijiti chenye ncha, mara nyingi chenye rangi ya zambarau, kikielekea chini kwa kuifuata nguvu ya uvutano. Ovari iko karibu na ncha hiyo, na ovuli zilizotungwa zimo ndani. Kijiti huchoma udongo, huzama sentimita chache, kisha hugeuka kulala na kuanza kuvimba. Kikikosa giza hakivimbi. Vijiti vinavyoota juu sana kwenye shina na kukosa kufika ardhini hukauka na mimba zake. Ndiyo maana afisa ugani anasisitiza palizi iishe mapema na udongo uinuliwe kuelekea shinani, na baada ya vijiti kuanza kushuka jembe lisiingie tena kati ya mistari. Magugu yanayobaki hung'olewa kwa mkono.

Kuna siri nyingine chini ya ardhi. Mizizi ya karanga hufyonza kalsiamu na kuipandisha majanini, lakini kalsiamu ikishafika majanini hairudi chini kulisha ganda. Ganda changa lazima lifyonze lenyewe kutoka kwenye udongo uliolizunguka. Katika udongo wa kichanga uliochoka mkulima huvuna maganda makubwa yasiyo na kitu ndani, na huona mmea ulikuwa wa kijani mpaka mwisho. Mmea haukudanganya, njaa ilikuwa ya watoto peke yao. Jipsamu huwekwa wakati wa maua, karibu na shina, pale vijiti vitakaposhukia, kwa sababu hiyohiyo.

Nachingwea ina sababu ya pekee ya kulitazama ua hilo kwa makini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Mahali pa kwanza palikuwa Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Ndoto ilikuwa ekari zaidi ya milioni 3. Mpango ulifutwa Januari 1951, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36 za Uingereza. Mji wa Nachingwea, bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kusini iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyote ni watoto wa mpango ule. Wanahistoria wametaja mashine chakavu, haraka ya wanasiasa na mvua zilizokosekana, nao wana haki. Lakini kuna kosa moja ambalo ua lenyewe lingelifichua kama lingeulizwa. Udongo wa Kongwa, mvua inapokatika, hugumu kiasi cha kuvunja majembe. Mmea ambao lazima uzamishe mimba yake ardhini, na ambao mavuno yake lazima yachimbuliwe, haukustahili kupelekwa kwenye udongo wa namna hiyo kwa maelfu ya ekari kabla ya kujaribiwa misimu kadhaa. Wakulima wa kusini waliokuwa wakichagua mahali pa kichanga pa kupandia karanga na njugu mawe walikuwa na elimu hiyo bila maabara. Njugu mawe, ambayo ni ya Afrika na iko hapa kabla ya karanga kufika kutoka Amerika ya Kusini, nayo huzalia ardhini, na aliyezoea kuilima hakuhitaji kufundishwa kwamba zao la namna hiyo linataka udongo laini.

Tukija kwenye umiliki wa mbegu, tofauti ya karanga na hindi ndiyo inayonishughulisha zaidi. Karanga inajichavusha. Mbegu uliyovuna leo itazaa mmea uleule mwakani na mwaka utakaofuata, mradi uitunze na usiichanganye. Kituo cha Naliendele kilitoa aina ya Pendo mwaka 1998, na mwaka 2009 ikafuata familia nzima ya aina zilizopewa majina ya kwetu: Masasi, Mangaka, Mnanje, Naliendele na Nachingwea. Mkulima akishapata kilo chache za Pendo halisi, sheria ya ua iko upande wake. Kwa mfanyabiashara wa mbegu hali ni ngumu. Ekari moja ya karanga inahitaji takriban kilo 32 za mbegu, kila kilo huzaa kilo chache tu kulinganisha na nafaka, mzigo ni mkubwa, na mnunuzi akinunua mara moja anaweza asirudi tena. Ndiyo sababu maduka ya pembejeo yamejaa mahindi na mboga, na karanga bora hazionekani. Watu huliona hilo kama uzembe wa kampuni. Ni matokeo ya ua linalojichavusha.

Hindi ni kinyume. Chavua ya mbelewele husafiri kwa upepo, na shamba la jirani huingia ndani ya gunzi lako bila hodi. Mbegu chotara hutengenezwa kwa kuchavusha mstari mmoja kwa mwingine kwa makusudi, na nguvu yake ni ya kizazi cha kwanza. Ukipanda punje ulizovuna, watoto hutawanyika: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu hana kitu, na mavuno hushuka. Kampuni ina uhakika utarudi. Mbegu za uchavushaji huria kama Staha zinaweza kurudiwa, lakini anayetaka kuzitunza lazima ajitenge na mashamba mengine kwa mita 200 au zaidi, au apishanishe tarehe ya kupanda ili mbelewele zake zisikutane na za jirani, na achague magunzi kutoka katikati ya shamba. Mbaazi iko kati ya hao wawili. Ua lake linaweza kujichavusha, lakini nyuki hulifungua na kuchanganya sehemu yake, hivyo aina iliyokuwa safi huanza polepole kutoa mimea ya urefu na rangi tofauti. Ufuta kwa sehemu kubwa hujichavusha, na mbegu yake ndogo huzaa kwa wingi: kilo mbili hivi hutosha ekari. Shida ya ufuta ni ya tunda. Vidonge vikikauka hupasuka juu na kumwaga mbegu, kwa kuwa ndivyo mmea unavyojitawanya. Wakulima wa Ruangwa na Nachingwea hukata mapema, hufunga mafungu na kuyasimamisha juu ya turubai, ili mmea ukamilishe tabia yake mahali ambapo mbegu haipotei.

Kwa maoni yangu, fedha ya umma inayotengwa kwa mbegu ingefuata tofauti hizi. Ruzuku ya kila mwaka ina mantiki kwa chotara. Kwa karanga, ufuta na mbaazi, kinachohitajika ni mbegu mama safi kufika vijijini mara moja kila baada ya miaka michache, na vikundi vya wakulima kuizalisha hapohapo. Utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zinazokaguliwa chini ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na kuuzwa katika eneo la wazalishaji, upo kisheria na unafaa kabisa kwa mazao ya namna hii. Kilimarondo, iliyo mbali na maduka makubwa, ingenufaika nao kuliko maeneo ya kando ya lami.

Nje ya mashamba, msitu wa miombo una njia zake, na zinastahili angalau kutajwa. Maganda ya miyombo hukauka mwisho wa kiangazi, hujisokota na kupasuka kwa kishindo, yakirusha mbegu mita nyingi. Mbegu hizo hazina usingizi mrefu. Zikipata mvua za kwanza huota, na moto wa Septemba au Oktoba ukizikuta chini huzimaliza. Mkongo hutoa mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu, ambayo wanyama huitafuta kwa ajili ya kofia hiyo. Mng'ongo una miti dume na miti jike, kama mpapai, na anayeufyeka mti "usiozaa" anaweza kuwa amemuua baba wa miti yote ya jirani. Tembo hula matunda yake na kuziacha mbegu kilomita nyingi mbele ndani ya kinyesi. Najua neno tembo si jepesi kwa mtu aliyeamka akakuta shamba limelala chini, na wanaoishi karibu na hifadhi wana haki ya kulindwa. Mninga ndio unaonishangaza zaidi. Ganda lake la duara lina miiba katikati na ubawa pembeni, hubebwa na upepo, na halipasuki lenyewe. Mbegu hutoka likioza, likitafunwa na mchwa au likiunguzwa kidogo. Mche ukiota, sehemu ya juu hufa kila kiangazi na kuchipua tena, mwaka baada ya mwaka, hata miaka kumi na zaidi, huku mzizi ukikusanya nguvu. Ndipo siku moja shina hupanda bila kurudi nyuma. Anayehesabu miche ya mninga juu ya ardhi na kusema msitu hauzaliani hajachimba.

Kuota, basi, si tukio la siku moja. Mbegu kavu iko hai lakini inapumua kidogo mno. Inahitaji maji, hewa na joto la kutosha. Ikifyonza maji huvimba, vimeng'enya huamka na kuanza kuvunja akiba, na kinachotoka kwanza ni kizizi, kinachoshuka kutafuta maji kabla jani halijafikiriwa. Hapo pana mpaka ambao kila anayepanda kwenye vumbi anapaswa kuujua. Mbegu iliyovimba tu, mvua ikakatika, inaweza kukauka tena na kubaki hai. Iliyokwisha kutoa kizizi haiwezi. Mvua ya kwanza ya Novemba inayotosha kuamsha na haitoshi kulisha ndiyo mbaya kuliko kutonyesha, kwa kuwa huzitoa mbegu nje ya usalama wake. Anayepanda shamba lote kwa mvua hiyo amechezea akiba yote kwa mkupuo. Wengi hugawa shamba, sehemu kwa mvua ya kwanza na sehemu baadaye, na hesabu yao ni sahihi.

Kina cha kupanda nacho hutegemea ukubwa wa akiba. Mbegu ya ufuta ina chakula kidogo sana, na ikifukiwa zaidi ya sentimita 2 au 3, au mvua ikigandisha uso wa udongo, huchoka kabla ya kufika juani. Hindi na mbaazi huacha ghala lao chini ya ardhi, hivyo mche ulioliwa juu na panzi una nafasi ya kuchipua tena. Mkorosho hupandisha kotiledoni zake juu, nene na laini. Panya au mbuzi akizikata chini yake, mche umekwisha. Kabla ya kupanda, korosho hutumbukizwa majini na zinazoelea hutupwa. Nzuri hupandwa sehemu iliyoshikana na bibo ikielekea juu, ili kizizi kisilazimike kujipinda.

Karanga inabaki mbegu ngumu kutunza kuliko zote hizi. Mafuta yake huharibika kwa joto, ngozi yake nyembamba huchubuka, na punje ikishamenywa huanza kuhesabu siku. Zikae ndani ya maganda, mahali pakavu penye kivuli, na zimenywe karibu na siku ya kupanda. Aina za muda mfupi kama Pendo hazina usingizi: zikikomaa wakati mvua bado inanyesha huota humohumo ardhini, na mkulima aliyechelewa kung'oa hukuta vizizi badala ya mavuno. Kwa hiyo hakuna anayepaswa kuamini mbegu ya karanga kwa kuiangalia tu. Chukua punje 100 kutoka pembe mbalimbali za gunia, bila kuchagua. Zifunge kwenye kitambaa kilicholowa, kiache kivulini kikiwa na unyevu kwa wiki moja, kisha zihesabu. Zikiota 90, kilo 32 zinatosha ekari. Zikiota 60, ekari hiyohiyo itahitaji kama kilo 48, na miche itakayotoka kwenye mbegu dhaifu itachelewa kuchanua. Ni nafuu kutafuta mbegu nyingine kwa jirani wakati bado ipo ya kuuzwa.